Kadi Sita za Kahindi

Jumatatu, 23 Machi

Nimeamka, nimenawa uso, nimepiga kadi brashi. Ndiyo asubuhi yangu hiyo. Brashi ya rangi, ile laini, feni moja baada ya nyingine. Vumbi la Gongoni si vumbi tu, lina chumvi ndani yake. Dirisha linaloelekea mashamba ya chumvi halifunguliwi, hata joto liwe la kuua mtu.

Kadi sita za kompyuta, zimening'inia kwenye fremu ya mbao mle chumbani. Mchana na usiku zinachimba sarafu za mtandaoni. Sola juu ya paa, betri chini ya meza. Kahindi, mume wangu, alizinunua kuukuu, moja moja, huko Uarabuni anakolinda mlango wa jengo la watu. Anasema zikishatimiza kazi yake atarudi. Mwaka wa nne huu. Nyumba yenyewe aliijenga kwa simu. Hajailala hata siku moja.

Mchana kadi ya nne ilifika digrii themanini. Simu ikalia papo hapo. Ana kitu kwenye simu yake kinachomwonyesha kila kadi, joto lake na mwendo wa feni zake. "Kadzo, ya nne ina nini?" Nikaisogeza mbali na jirani yake. Ikapoa. Akasema, "Haya." Akakata.

Jumatano, 25 Machi

Joto. Kaskazi imekufa na kusi haijaja. Majani ya mnazi hayatikisiki.

Leo nimezitengeneza upya zote. Watu wanadhani ukitaka kadi ichimbe sana uipe umeme mwingi. Wapi! Nimeipunguzia kila moja umeme, nimeshusha mwendo wa kiini chake, halafu nimepandisha mwendo wa memori kidogo kidogo, napandisha, nangoja, napandisha tena. Hapo ndipo kazi ilipo, kwenye memori. Ukizidisha, kadi huganda na mashine nzima inabidi izimwe iwashwe tena. Kila kadi ina mpaka wake. Ya pili ni sugu. Ya nne ni mwoga, haipendi kusukumwa.

Zinachimba kama jana, zimepoa kuliko jana. Nimefurahi peke yangu. Nilikaa kusubiri simu, labda ataona, atasema neno. Hakupiga. Kwani apigie nini, hakuna kilichoharibika.

Kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 27 Machi

Homa. Jana yote kitandani. Baridi kwenye joto hili, meno yanagongana. Kadi zinanguruma mle chumbani, nzima kabisa, digrii sitini na kidogo.

Bi Rukia alikuja. Ndiye mwenye kiwanja cha jirani, mama wa Kiswahili, na si kawaida yake kuingia nyumba za watu. Aliona sijafagia uwanja. Kaja na uji wa pilipili manga na dawa za duka la dawa. Akanishika shingo. "Mumeo anajua?" Nikasema hajui. "Na lile dude lako linalomwambia kila kitu?" Nikasema hilo linasema habari zake lenyewe.

Akatikisa kichwa. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Kunywa uji."

Simu iko kando ya mto. Imenyamaza.

Jumapili, 29 Machi

Nimepona. Miguu bado mizito, kanisani sikwenda.

Nina hasira. Niandike tu, nani atasoma. Nimelala kitandani na homa, ningekufa, na mume wangu angejua siku ambayo vumbi lingejaa kwenye feni. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema wazee. Uongo. Huyu wangu hayupo na lake lipo, liko chumbani linanguruma.

Mbona simpigii mimi? Tulikubaliana. Kazini wamekatazwa simu, na wakimkuta nayo mlangoni ni kesi. Yeye ndiye hupiga, akiwa na nafasi. Nafasi huwa anaipata kadi ikichemka.

Mchana nilikaa mbele ya kompyuta. Nikaifungua ya nne. Nikapandisha memori. Nikapandisha. Nilijua kabisa ninachofanya. Ikaganda.

Sikuhesabu hata kumi. Simu ikalia.

Lo! Nilivyoifurahia sauti ile! Nikasema eeh, imeganda, ngoja niwashe upya. Na kuwasha upya kunachukua muda. Hana la kufanya ila kungoja na mimi. Akauliza mvua zimenyesha? Nikasema bado. Akasema kule wamekula wali na dengu tena. Nikacheka. Sijui kilichonichekesha. Mashine ikawaka, akasema haya.

Jumatano, 1 Aprili

Nimerudia.

Safari hii nilivuta muda. Nilizima, nikachomoa waya, nikapangusa, nikachomeka, nikasema subiri haijaamka. Akanihadithia juu ya mwenzake wa chumbani, mtu wa Kaloleni, anayeimba akiwa usingizini. Akaimba na yeye kidogo, ananiigizia. Kahindi huyu! Nilisahau kwamba ni mtu wa mzaha. Alinichumbia kwa mzaha, kwenye foleni ya maji.

Nilitaka kumwambia kuhusu homa. Nikaogopa nitaharibu ule utamu.

Mashine ilishawaka zamani, ila simu yake iko sikioni, hakuona. Nilikuwa nimegeuzia kioo cha kompyuta ukutani nisikione.

Jumamosi, 4 Aprili

Yamenigeukia. Kahindi kasema ya nne imekufa, niende Malindi nikanunue nyingine, kazungumza na fundi tayari.

Nimekwenda. Ningesema nini?

Fundi ana kiduka nyuma ya soko. Kaniwekea tatu mezani, mbili nyekundu na moja ya kijani. Ndivyo wanavyoziita, kwa rangi za kampuni. Akaisifu ile kubwa yenye mataa. "Dada, chukua hii, hii ni simba." Nikamwambia simba anakula sana na mimi nina sola. Nikazigeuza. Skrubu za ile simba zilikuwa zimeota kutu, imekaa karibu na bahari mwaka mzima. Ya pili nikaizungusha feni kwa kidole, ikakwaruza. Ya tatu, ya kijani, ndogo, haina umbo la kusifika. Nikainusa. Haikuwa na harufu ya kuungua. Memori yake ni ile ninayoijua. Nikachukua hiyo. Fundi akacheka, akasema wewe umetumwa au umejituma.

Njiani nimeipakata. Nimeona aibu. Ya nne haina ugonjwa wowote. Nimeifunga kwenye kanga na kuiweka sandukuni.

Hii mpya ni tulivu mno. Haitaki kuganda. Jamani, hata bahati yangu!

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Baada ya ibada tulikwenda kwa mavyaa, ukoo mzima, wali wa nazi na kuku. Kahindi alipiga simu ya picha kwa mama yake. Simu ikazunguka. Kila mtu kaulizwa jambo lake. Mama mguu. Katana, mdogo wake, pikipiki. Hata watoto wa shangazi waliulizwa shule.

Ikanifikia. Uso wake umepungua, kanyoa. Nikatabasamu kama mjinga. Nimevaa gauni jipya, nikaishusha simu kidogo alione.

Akauliza, "Digrii ngapi?"

Walicheka wote. Katana akasema, "Shemeji, wewe umeolewa na mashine!" Nami nikacheka, ningefanyaje, mbele za watu. Nikasema sitini na mbili. Akasema vizuri. Simu ikaendelea na safari yake.

Nililia nilipofika nyumbani. Nililia kwa sauti, kadi zinanguruma, hakuna aliyesikia.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeharibu.

Nilisukuma mbili kwa pamoja, ya pili na ya sita. Kwa hasira za Pasaka. Alipiga, na safari hii hakuna wali wala dengu. Alikuwa mkali. Anasema chumvi ya Gongoni inamlia kadi zake, zinakufa moja moja, miaka yake minne inaliwa na upepo. Kaamua. Kuna mtu wake Malindi mjini, ana chumba chenye kiyoyozi, atazitunza. Katana atakuja Jumamosi kuzichukua zote.

Nikasema Kahindi, sio chumvi. Akasema wewe unajua nini, zimekufa mikononi mwako. Akakata.

Zikienda hatapiga tena. Nalijua hili kama ninavyojua jina langu. Atampigia huyo mtu wa Malindi.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimezipiga brashi zote, kadi kwa kadi. Nimeitoa ya nne sandukuni, nayo nikaipangusa. Kadi haina kosa, masikini.

Bi Rukia kanikuta ninalia huku nimeshika brashi. Nikamweleza yote. Nilidhani atanicheka. Alijipepea na upindo wa buibui. Kisha akasema, "Wewe umevivunja vyake ili akusikie. Sasa mwambie tu kwa mdomo, bila kuvunja kitu." Akaondoka.

Nikampigia. Mimi mwenyewe, mchana, yuko kazini. Ikaita mpaka nikakata tamaa, akapokea kwa sauti ya chini, "Kumeungua?"

Nikasema hakujaungua kitu. Nikasema kadi ni nzima, zote, hata ya nne. Mimi ndiye nilikuwa nazigandisha, kwa mkono wangu, ili upige. Nikasema niliugua homa mwezi uliopita, nikatetemeka siku mbili, kadi zilikuwa sitini na kidogo na wewe hukujua. Nikasema Pasaka ulinitia aibu. Nikasema nimekukumbuka mpaka naumwa. Yalitoka yote, hayana mpangilio, kama maji ya mfereji uliokaa bila maji.

Nikasikia mlango wa huko, mtu anamwita kwa Kiarabu.

Akasema, "Niko kazini."

Akakata.

Jumamosi, 11 Aprili

Katana kaja na tuktuk. Sikumuuliza kama kaka yake amemwambia asije. Angekuwa kamwambia asingekuja.

Nilizifunga mwenyewe, kila moja kwenye kanga yake, ya nne pia. Nikamwambia asizipange moja juu ya nyingine, na asipite kwenye matuta mbio. Nikamwandikia yule mtu wa Malindi mpaka wa memori wa kila kadi, asije akazisukuma bila kujua. Katana hakufanya mzaha hata kidogo. Alisema, "Pole, shemeji." Nadhani anajua.

Ukutani pamebaki alama nyeupe ya fremu. Chumba kimepoa. Nyumba haingurumi. Nilikuwa sijui kwamba saa ya ukutani inatoa sauti.

Jumanne, 14 Aprili

Hakupiga.

Nimefungua lile dirisha. Sasa linamdhuru nani? Upepo wa kusi umeanza, unaingia na chumvi yake yote. Nimepika ugali mwingi kupita kiasi, nikampelekea Bi Rukia nusu na mchuzi wa papa. Tumekula pamoja, hatukuongea sana.

Bado naamka na kutafuta brashi.

Alhamisi, 16 Aprili

Hakupiga. Sijutii nilichosema. Najuta kwamba nilisema akiwa kazini.

Hapana. Sijutii hata hilo.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Ilianza alasiri, kubwa, ile ya masika yenyewe, juu ya mabati. Nikatoa ndoo. Nikakaa mlangoni.

Simu ikalia. Nikadhani ni Katana.

Ni Kahindi. Nilimsikia anavuta pumzi. Kisha akauliza hiyo ni sauti gani. Nikasema mvua, mabati ya nyumba yako. Akasema hajawahi kuisikia, siku zote akipiga husikia feni. Akauliza inavuja? Nikasema haivuji, fundi wako alijua kazi. Akacheka kidogo, sauti imekauka. Akasema leo si zamu yake, ameketi tu kitandani, yule wa Kaloleni katoka.

Nikawa nasubiri aseme haya, akate.

Akauliza, "Digrii ngapi?"

Nikasema Kahindi, mashine iko Malindi, muulize mtu wako.

Akasema, "Najua iko Malindi. Nakuuliza wewe. Ile homa."

Nikaweka mkono shingoni, kama alivyofanya Bi Rukia. Nikamwambia imekwisha, nimepoa, ila usiku naamka bado. Akasema yeye pia.

Akasema nisikate, anataka kuisikiliza mvua. Nikaiweka simu kizingitini, nikakaa karibu yake.