Baba, Nakitafuta Kicheko Chako

Baba,

Shikamoo. Sijui salamu zinafikaje huko uliko, lakini ulinilea nisianze neno na mkubwa kabla ya shikamoo, na sijaacha.

Nimekuota tena. Tupo Chato, ufukweni, maji yametulia na ukungu mweupe unapita kati yetu polepole. Unacheka. Mabega yanapanda na kushuka, macho umefumba, mkono umeshika tumbo kama kawaida yako. Ila sauti haitoki. Nikisogea, ukungu nao unasogea. Niliamka nimekasirika, Baba, kwa sababu hata mchana, nikiwa macho kabisa, siikumbuki tena sauti ya kicheko chako.

Nimetafuta kwenye simu zetu zote hapa Nyahanga. Wewe nawe! Ukiona simu imeinuliwa tu, unafunga kifungo cha shati na kununa kama unapigwa picha ya kitambulisho. Kwa hiyo sura za kununa tunazo tele, na kicheko hata kimoja hatuna.

Mama hakuzungumzii. Anapika, anafagia, anakaa. Redio hawashi. Ukimwuliza kitu anakujibu nusu, nusu nyingine anaiacha huko huko anakoangalia. Naogopa nyumba hii itazoea kimya, na mwisho tusahau kabisa tulikuwa watu wa namna gani.

Unakumbuka Jumapili baada ya chakula? Unatandika mkeka upande wenye kivuli, unavaa miwani, unatusomea Biblia. Ukifika kwa Petro gerezani hukuwahi kumaliza. Waumini wamejifungia ndani wanamwombea afunguliwe. Mungu anamfungua, anakuja mwenyewe anabisha hodi. Yule binti anaitambua sauti yake, na kwa furaha anakimbia kuwaambia wengine, mlango hakufungua! Nao wanaacha maombi kidogo ili wamwambie ana wazimu. Hapo ndipo ulipokuwa unaangukia mkeka, miwani upande, na sisi tunacheka kwa kuwa wewe unacheka. Mchungaji alipokuambia mbele ya wazee wenzako wa kanisa kwamba Neno la Mungu si la kuchekea, ulimjibu kwa upole, "Simcheki Mungu, Mchungaji. Najicheka mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa mle ndani, naomba huku siamini."

Msibani kwako nilimtegemea Mama Zuhura, mtani wako, akuigize. Tangu nikiwa mdogo mlikuwa mnachambana pale kwenye meza yake ya dagaa, wewe Msukuma mla michembe ya viazi, yeye Mzaramo mla nazi. Mchungaji alitaka azuiwe, eti mambo ya watani hayafai kwenye mazishi ya Mkristo. Wazee wakanitazama mimi, mzaliwa wako wa kwanza. Nikasema mtani aachwe afanye kazi yake.

Akaja amevaa koti lako na miwani yako, akakaa kwenye kiti chako, watu wakaanza kutabasamu. Akashika tumbo. Akainua mabega. Nikasogea karibu, nisikie. Baba, alilia. Mtani, ambaye kazi yake ni kutuchekesha sisi wafiwa, alilia mpaka wanawake wakamshika mikono kumtoa, na mimi nikabaki nimesimama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Tangu siku ile hapiti kwetu. Nasikia anaona aibu.

Basi Jumapili iliyopita kulikuwa na manyunyu yale membamba, yasiyopiga hata kelele juu ya bati. Nilikuwa barazani kwenye mkeka wako, usingizi unakuja na kuondoka. Nikafungua pale pale pa Petro, nikasoma kwa sauti ili angalau maneno yasikike nyumbani. Nia ya kucheka sikuwa nayo. Nikafika kwa binti anayekimbia na kuacha mlango umefungwa, nikawaona wale waumini wanavyobishana, nikajiona na mimi katikati yao, nimefumba macho naomba nikusikie. Kitu kikanipanda kutoka tumboni. Nilicheka, Baba. Sauti ilitoka nzito, ikakwama kidogo kooni, halafu ikafunguka yote, na sikuamini kama ni yangu.

Kutoka jikoni Mama akaita, kwa ile sauti yake ya zamani, "Baba Kabula, ngoja basi, nije na mimi nisikie."

Kisha nikamsikia akiweka mwiko chini. Alikuja mpaka mlangoni, akaniona ni mimi, akajifunika uso na khanga. Sikujua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. Akakaa mkekani, karibu sana nami, akaniambia nianze tena mwanzo.

Wabeja, Baba, asante. Nenda ukapumzike sasa. Nakuahidi Jumapili ijayo nitamfuata Mama Zuhura mwenyewe, nimshike mkono nimlete, tukae watatu. Nitawasomea, na tukishindwa kumaliza, tutashindwa pamoja.

Mwanao,
Kabula