Chai ya Mama Njeri

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya kazi Springfield, hapa Marekani. Nimemwogesha bibi ninayemtunza, nimemlisha, kisha nikajifungia chooni nipumue. Kemo ya nne imenimaliza. Alhamisi saa saba mchana napigwa picha ya mwili mzima. Ndiyo itasema kama dawa inaua hii saratani ya tezi za limfu au inanitesa bure. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Nesi amepiga simu. Kesho nisile kitu, maji tu. Watanidunga sukari yenye mionzi. Saratani ni lafi, itaifakamia, ing'ae kwenye picha. Nikiwa na sukari nyingine mwilini, picha itadanganya. Haya, nimesikia. Mimi si mtoto.

Alhamisi, 6 Machi
Mjinga mimi! Saa nne asubuhi, hodi. Mama Njeri, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na thamosi ya chai. Eti nimepotea. Akasifu kilemba changu. Hajui chini yake hakuna nywele. Kanisani hakuna anayejua. Akamimina, vijiko vitatu vya sukari bila kuuliza. Ningekataaje chai yake bila kutoa sababu? Nikanywa. Akaongeza. Nikanywa.
Hospitalini wakanitoboa kidole. Sukari iko juu. Wakauliza, nimekula? Nikasema la. Nimerudishwa nyumbani hadi tarehe ishirini, na bila picha daktari hatoi dawa.

Jumapili, 16 Machi
Sikuenda kanisani. Uvimbe wa shingo umerudi, ama ni vidole vyangu vinautafuta. Binti yangu Ciku, kwa Kiingereza chake, anasema niwaambie tu watu. Nimemfokea. Sitaki kuombewa kwa jina mbele ya kanisa zima.

Alhamisi, 20 Machi
Simu nimezima. Mlango nimefunga. Picha imepigwa.

Jumatatu, 24 Machi
Daktari aliweka picha mbili kwenye kompyuta, ya zamani na mpya. Doa la kwapa limezimika. La shingo limekua. Kifuani kuna jipya. Tunabadilisha dawa. Sikumuuliza kama zile wiki mbili zilichangia. Sina nguvu ya kulijua hilo.

Jumamosi, 29 Machi
Mama Njeri amekuja na thamosi yake. Nilivua kilemba kabla hajaketi, nikamwambia yote, isipokuwa ile siku ya chai. Alilia sana. Mimi sikulia. Baadaye akamimina, akashika kijiko, akauliza kama sukari naruhusiwa.
Nikasema vitatu, kama kawaida.