Kuimba kwa Kichwa

Dada mpendwa,

Kwa heshima zote unazostahili kama mkubwa wangu, natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya ukoo mzima, kwamba mdogo wako amejifunza kupiga mwayo.

Natumai tangazo hili limekukuta mzima, pamoja na shemeji na mgongo wake. Mimi sijambo, ila magoti yameanza kunijibu nikiinuka.

Kuhusu mwayo, usicheke. Mwalimu wetu wa kwaya anasema hakuna kinachofungua koo kama mwayo, kwa hiyo kabla ya kuimba tunasimama mstari mmoja, watu wazima wenye wajukuu, tukipiga miayo kama hatujalala tangu kuzaliwa. Nilipoendelea na zoezi hilo kazini, msimamizi wetu wa chumba cha pasi aliniuliza kama anitandikie, maana mashuka ya hospitali nzima ninayo mkononi.

Barua yako nimeipata. Umeniambia nije harusini kwa bintiyo, nipike, nilie kidogo inavyopasa mama mdogo, lakini nisiimbe. Ukanikumbusha na maneno ya marehemu baba, kwamba ukoo wetu umejaliwa koo la kumezea tu. Ni kweli langu linameza, na ushahidi uko kiunoni. Lakini barua hiyo niliisoma mara mbili, dada, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Nikaamua kulijua hili koo kabla ya kulihukumu. Nilianza na dereva wa gari la mashuka, anayeimba kwa kifua hadi vioo vinatikisika. Alinifundisha kuweka kiganja kifuani na kusikiliza ngurumo. Nilipoanza kunguruma, mwenzangu alikwenda kuzima mashine ya kufulia akidhani imelegea. Nikaenda kwa bibi wa ghorofa ya chini, aliyeimba kwenye harusi tangu ujana wake. Yeye akasema sauti hupitishwa puani kama uzi kwenye tundu la sindano, na njiani inakunjwakunjwa. Nikapitisha, nikakunja. Akanihurumia, akauliza mafua yameanza lini.

Ndipo mwalimu wa kwaya akanipa wimbo wa kuimba peke yangu, akaniagiza niuimbe kwa kichwa. Nikasema sawa. Juma zima nikaukariri huku napiga pasi: beti, kiitikio, sauti ya kwanza hadi ya nne, hata mahali mpiga kinanda anapokohoa. Siku ya mazoezi nikaweka karatasi kitini kwa madaha na kuanza. Mwalimu alisikiliza ameshika paji la uso, kisha akauliza nani kaniambia niweke karatasi chini. Alikuwa na maana kwamba sauti ilie juu, nyepesi, nyuma ya macho, kama kwamba fuvu ni chumba kitupu. Wenzangu wakasema basi kwangu haitakuwa shida. Tangu hapo naitwa Bi Kichwa, na naitika.

Tatizo ni pale sauti inapotoka kifuani kwenda kichwani. Mwalimu anapaita darajani. Wenzangu wanavuka. Mimi kila nikifika natumbukia majini, naibukia ng'ambo nimelowa.

Sasa nije kwenye lile onyesho letu, maana shemeji alikuwepo na najua amekupelekea habari kwamba nilisahau maneno, mwanakwaya mwenzangu akaniokoa, nami nimeuaibisha ukoo. Nakueleza yaliyotokea kama yalivyotokea.

Maneno sikuyasahau. Ningewezaje, ilhali niliyajua kwa kichwa? Nilifika darajani na sauti ikavunjika, kwa mlio wa kuku aliyekanyagwa. Ukumbi ukacheka, na walikuwa na haki, hata mimi ningecheka. Mpiga kinanda akashusha mikono. Mwalimu akanionyesha kwa macho nirudi mstarini. Nikakataa. Nikaanza tena tangu mwanzo, bila kinanda, nikafika palepale, na ikavunjika palepale. Hapo mtu mmoja kwenye viti vya nyuma akaishika ile sauti ilikoniponyoka, akaishikilia, nyembamba, imenyooka, haijafundishwa na mtu, mpaka nikaidaka tena tukamaliza pamoja. Makofi yalikuwa ya watu wanaotaka kwenda nyumbani. Sikujali.

Huyo hakuwa mwanakwaya, dada. Alikuwa bintiyo. Alisimama na mkoba begani, amefumba macho. Wewe alikuaga kwamba anakwenda kupimwa gauni. Shemeji alikuwa mstari wa mbele na wala hakugeuka, kwa sababu sauti ile hajawahi kuisikia. Nyumbani kwenu haijawahi kutoka.

Tangu siku hiyo anakuja chumba cha pasi akitoka kazini, na tunaimba kwenye mvuke. Ameniambia kwamba tangu mdogo, akianza tu, alikuwa anakumbushwa neno la babu yake. Anataka kuimba siku ya harusi yake, yeye mwenyewe, nami nimshikie sauti ya chini kama alivyonishikia ya juu. Kukwambia anaogopa. Mimi nimekwisha kuchekwa na ukumbi mzima, nikaona haiui, kwa hiyo nimejitolea kukuandikia, na anajua.

Basi sikuombi ruhusa, dada yangu, nakuletea taarifa. Nitakuja, nitapika, nitalia, na nitaimba. Mkizima kipaza sauti, tumezoea kushindana na mashine za kufulia. Na wewe uliyefundisha lugha darasani maisha yako yote, hebu wakumbushe wazee wingi wa neno ukoo ni nini. Si ni koo? Baba, Mungu amrehemu, hakuliangalia vizuri neno lake.

Mpe shemeji pole ya mgongo, umwambie safari hii akisikia sauti nyuma yake, ageuke. Nawe ukiwa na hasira, kabla ya kunijibu, fungua mdomo polepole, vuta pumzi mpaka tumboni, piga mwayo. Halafu jaribu, hata jikoni, hata kidogo. Nashuku mtoto yule hakuirithi sauti ile kwa baba yake.

Akupendaye na asiyenyamaza,
Mdogo wako, Bi Kichwa