Nimeacha Kukukaimu, Kaka

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili mchana, mwezi wa nane.

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya maneno mengine. Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama una mafua basi yawe ya kupita njia tu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti ya Mama. Kila akipanda ngazi hulalama, na ukimuuliza hukuambia magoti hayana neno, ni ngazi ndizo zimeongezwa.

Wifi yangu anaendeleaje na kile kikohozi? Na binti yenu, yule aliyecheka pichani bila meno ya mbele, yameshaota? Mwambie shangazi yake anayangoja kwa hamu, maana sipendi kubishana na mtu asiye na silaha.

Barua yako ilifika. Mama alinipa nimsomee kama kawaida. Nilipofika pale ulipoandika kwamba umeongeza mkataba wa kazi huko ugenini, nilishusha sauti nikataka kuruka mstari, nikasahau kwamba masikio ya Mama hayana magoti. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema kazi ni kazi, mtu halaumiwi kwa kutafuta, akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha. Sikuandikii haya ili nikutie simanzi. Wewe mwenyewe ulisema nikuandikie yote.

Wifi aliniuliza kwenye simu hii kamati yetu ni kitu gani hasa, mbona Jumamosi sipatikani. Msaidie kuelewa. Mwambie ni wahandisi wa parachuti kutoka viwanda vinavyogombania wateja wale wale, ambao huacha ugomvi wao mlangoni, wakakaa pamoja katika chumba cha michoro cha chuo cha ufundi na kuandika mwongozo mmoja wa wote: kitambaa kipimwe vipi, kamba zivutwe kwa nguvu gani, mshono gani usiaminiwe. Hakuna anayelipwa. Hata chai tunakuja nayo kwenye chupa zetu. Mwambie pia kwamba aliyeianzisha ni mumewe, na kwamba alinivuta mimi mdogo wake kwa ahadi kuwa kazi yenyewe ni ndogo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hukuniambia kwamba moyo wenyewe utatolewa kila Jumamosi.

Wewe ulikuwa ukiongoza kama mtu anayeketi kivulini. Mimi nusu ya kazi yangu ni kuwabembeleza watu wazima wasome kurasa walizoahidi kuzisoma. Mmoja mtandao umekatika, mwingine ana wageni, mwingine amefiwa na shangazi yule yule mara mbili. Nusu nyingine ni kuamua ugomvi wa Kipimo na Mama Pacha. Kipimo unamjua, mzee wetu wa maabara asiyeamini kitu mpaka akione kimekatika. Mama Pacha alijiunga nasi ulipokuwa unafunga mizigo, hamkuwahi kuonana. Yeye hubuni parachuti za akiba katika kiwanda kingine, na ana haraka ya mambo mapya. Kipimo humwita mwana wa juzi. Yeye humwambia Kipimo ameoa mashine. Fahali wawili zizi moja, na mimi ndiye zizi.

Basi, mwezi uliopita Mama Pacha alinivuta pembeni, kwenye veranda ya nyuma ya chumba cha michoro. Hakuwa na mzaha wake wa kawaida. Alinieleza kwamba kiwandani kwao mshono wa parachuti ya akiba ulifumuka kwenye mashine ya kuvuta, kwa nguvu ndogo ambayo hata mkoba wa shule ungeistahimili. Parachuti hiyo ilikuwa imekaa imefungwa katika ghala lenye unyevu. Alishuku ule uzi mpya mwembamba, ambao viwanda karibu vyote vimeuchangamkia. Mkuu wake alimwambia ni bahati mbaya tu, na jambo hilo lisivuke geti.

"Nikisema, nafukuzwa," aliniambia. "Nisiposema, kuna mtu ataruka nayo."

Unawajua wanaoruka nazo. Ni wale wazima moto wa misituni, wanaoshuka mahali ambapo magari hayafiki. Kila mwaka hututembelea, wakacheka na sisi, wakatutania kwamba sisi tunashona na wao ndio wanaojaribisha nguo.

Kaka, wiki ile nilikutamani mno. Nilishika simu nikupigie, nikaiweka chini kabla haijaita. Ungeniambia nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka alikuwa miguuni pangu. Nikifichua, nimemponza mama wa watu na watoto wake. Nikinyamaza, nimewaponza wale wa msituni. Nikakaa kwenye dawati lako la zamani, nikajiuliza wewe ungefanyaje, nikaona sijui. Jinsi unavyofikiri imeanza kunitoka. Nakumbuka tu unavyocheka.

Mwisho nilifanya langu. Niliwaandikia wanakamati kwamba mkutano ujao hatutasoma karatasi. Kila mmoja alete vipande vya mshono wa kiwanda chake, vya ule uzi mpya, tuviloweke, tuvianike, kisha tuvivute kwenye mashine ya chuo mbele ya macho ya wote. Sikumtaja mtu. Sababu niliyoitoa ilikuwa ya kweli, kwamba mwongozo wetu hausemi neno juu ya unyevu. Kipimo alinijibu kuwa ni kuharibu Jumamosi, mishono ya kwao amekwisha kuipima kwa mkono wake. Nikamwambia vema, basi haitaona haya kupimwa tena.

Vipande vilikaa kwenye ndoo, kisha tukavianika juu ya meza za michoro. Mlinzi wa chuo alipita akaniuliza kama wahandisi siku hizi wameanza kufua nguo za watu.

Siku yenyewe vya Mama Pacha vilitangulia. Vikafumuka. Alitazama sakafu. Kipimo akaguna, na kabla guno halijawa neno nikamwomba alete vya kwake. Alivibana mashineni mwenyewe, akaizungusha mwenyewe, polepole, kama alivyokufundisha wewe na wewe ukanifundisha mimi. Vikafumuka mapema kuliko vya Mama Pacha.

Hakuna aliyecheka. Kipimo alivaa miwani, akaivua, akauokota ule uzi uliokatika na kuuviringisha kidoleni. Kisha akakaa.

"Nilivipima vikavu," akasema.

Baada ya hapo hapakuwa na ubishi. Vya viwanda vingine, kimoja kilishikilia kwa tabu, vilivyobaki vilikwenda njia ile ile. Tukauandika mwongozo upya papo hapo, na onyo likaenda kwa viwanda vyote na kwa wazima moto, likiwa limetoka kwa kamati nzima, si kwa mtu. Parachuti za akiba zimeanza kurudishwa na kushonwa kwa uzi wa zamani. Hakuna aliyeumia. Mkuu wa Mama Pacha alinuna, lakini alipoona majirani zake nao wanarudisha mali, akaanza kuzungumza kana kwamba wazo lilikuwa lake. Mama Pacha yuko kazini kwake. Yeye na Kipimo sasa wanakunywa chai ya chupa moja, ingawa wanagombana kuhusu sukari.

Lakini hilo silo lililonifanya nikae kukuandikia.

Tulipokuwa tunarudisha viti mahali pake, Kipimo alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Alisema kuna jambo tumelifumbia macho muda mrefu. Tangu uondoke, kila karatasi inayotoka kwetu inakutaja wewe kuwa mwenyekiti, na mimi kuwa kaimu. Kila uchaguzi ukifika mimi huomba tusogeze mbele kidogo, nao kwa kukuheshimu wananikubalia. Safari hii alisema hapana.

"Binti yangu," akaniambia, "huyo unayemkaimu ana kazi nyingine. Kazi hii ni yako."

Nilikataa. Nikasema wewe ndiye uliyewakusanya watu hawa walipokuwa hawasalimiani, kwamba hii ni nyumba yako, kwamba utarudi. Nilipolitamka neno "atarudi" nilijisikia nalitamka kwa sauti ile ile ya Mama, na nikaukumbuka ule mstari wa mkataba nilioshindwa kuuruka. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuinua mkono, kisha wengine, kisha Kipimo akainua mikono yake yote miwili, mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kukubali kitu mara moja.

Nikakubali. Kisha nikatoka nikasimama verandani, nikalia. Waliokuwa ndani walidhani ni furaha. Kaka, kwa miaka yote hii lile neno kaimu lilikuwa kama koti ambalo mtu huliweka juu ya kiti ili mwingine asikikalie. Nimeliondoa kwa mkono wangu. Sijui kama niliwahi kufanya jambo sahihi likaniuma namna hii.

Nyumbani nilimkuta Mama anakunja nguo. Nikamsimulia yote, mishono na kura. Alinisikiliza bila kuacha kukunja. Mwisho akauliza:

"Sasa akirudi atakuwa nani?"

"Atakuwa mwanao, Mama," nikamjibu. "Na kaka yangu."

Alifikiri kidogo. Akataka kujua kama bado unapenda kulala ukitazama dirisha. Nikasema sijui, zamani ulipenda. Akaziweka nguo kando, akasema basi kitanda chako hakikai vizuri, kimelielekea kabati. Tukakisogeza siku ile ile. Ameshatandika shuka.

Kwa hiyo huna tena kiti kwenye kamati, na nimetaka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa watu. Ukija hutakuwa na mkutano wa kuendesha wala mtu wa kumpatanisha na mwenziwe. Nami sitakuuliza habari ya uzi. Zamani nilikuwa nikikuita uje kwa sababu kazi ilinizidi. Sasa hainizidi, na bado nakuita. Njoo hata kwa siku chache, kabla mkataba mpya haujaanza. Mama hatakuomba kamwe, unamjua. Ninayekuomba ni mimi.

Nisalimie wifi, na huyo asiye na meno mpe busu la shangazi, moja kwa kila pengo. Mama anawasalimu nyote na kusema mvae vizuri. Kipimo anakusalimu, na Mama Pacha, ambaye anasema anakujua kwa kukusikia tu.

Mwenyezi Mungu awalinde huko mliko, na ainyooshe njia ya kurudi.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,

Chiriku