Bao Nisiloliona

Malindi, Unguja

Kwa mdogo wangu Mwanaidi, huko Tanga,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza ukorofi. Mimi, ukiniuliza hali, miguu imevimba na pumzi zimekuwa za kuhesabu. Daktari akishanipima humtazama wifi yako Zuwena badala ya kunitazama mimi. Sikuandikii haya upate kulia. Nakuandikia kwa sababu barua yako ya mwisho imeninyima usingizi, na siku za kuchezea sina tena.

Halafu nimechoka na wageni, Mwanaidi. Wanakuja kunitazama mgonjwa, na kabla hawajakaa wananikariria maneno yangu ya redioni. Jana kinyozi, wembe uko shingoni mwangu, ananiambia, "Mwalimu, hebu tupe ile ya kipa!" Nikamwambia nyoa. Akaitoa mwenyewe, kwa sauti yangu, na kikohozi changu ndani yake: "Kipa amelala, mfunikeni shuka!" Wakacheka wote, mpaka Zuwena huko jikoni akacheka. Miaka thelathini nimefundisha hesabu, hakuna anayekumbuka hata kuzidisha. Nikastaafu, redio ikanichukua kwa ajili ya sauti, nikatangaza mpira, mashindano ya ngalawa, na hata kriketi nisiyoijua vizuri. Katika yote hayo mji umeshika sentensi moja tu. Na sentensi hiyo ni uongo.

Unakumbuka timu ya Tanga ilipovuka kuja kucheza hapa, Salim wako akiwa kipa. Nilikaa Mnazi Mmoja kwenye meza yangu pembeni mwa uwanja, kipaza sauti mbele yangu, nimevimba kichwa kwa kuwa mpwa wangu yuko langoni. Timu zilikuwa sare, na muda unakwisha. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake, nami koo limenikauka. Nikanyoosha mkono. Kikombe kilikuwa cha moto, nikakitazama nisije nikajiunguza. Ni muda wa kukitua kikombe mezani, basi. Nikasikia uwanja umelipuka. Kuinua macho, mpira uko wavuni na Salim yuko chini, kifudifudi.

Mtangazaji hana ruhusa ya kunyamaza. Watu wamekaa barazani, huku na huko kwenu, wanangoja mdomo wangu, na mimi sikuona kitu. Nikasema lililonijia. Waliokuwa karibu na meza wakaangua kicheko, nami nikanogewa, nikalirudia.

Mpira ulipokwisha, dobi wa mtaani kwetu, aliyekuwa amesimama nyuma ya goli, alinifuata.

"Mwalimu, umemdhulumu mtoto wa watu. Yule kapigwa kiwiko cha jicho, mpira hata hakuuona. Refa alikuwa kageukia kwengine."

"Mtoto wa watu gani? Mpwa wangu yule."

"Basi ndo umezidi!"

Jioni ile Salim akaja nyumbani, jicho limefumba, damu imemkauka kwenye nyusi. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba. Nikamkaribisha kiti, hakuketi.

"Mjomba, wenzangu wanasema nilizubaa. Mimi sikumbuki vizuri, nilishikwa na kizunguzungu. Wewe uliona?"

Ningesema neno moja tu, Mwanaidi, yangekwisha. Lakini saa ile ile mkuu wa redio alikuwa ametoka kunishika mkono akiniita hazina ya mji. Nikamwambia mwanao, "Niliona kwa macho yangu. Ulizubaa, baba. Hutokea."

Akasema, "Basi, kama mjomba umeona," akaenda zake.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu nikamweleza, nikaomba nisahihishe hewani. Akanijibu, "Mwalimu, mji mzima unacheka, wewe unataka ulie?" Moyoni nikafurahi kukatazwa. Hilo nalo naliungama.

Sasa unaniandikia kwamba vijana wa mtaani wamemwomba Salim awafundishe makipa wao, naye amekataa, amesema, "Mimi mtu wa kulala langoni, mjomba mwenyewe kaona." Unaniomba nimtie moyo. Nimtie moyo! Mimi ndiye niliyemtoa.

Hapa nimejaribu kusema. Nimemwambia kinyozi, nimewaambia wageni, wananijibu, "Mwalimu huachi mzaha hata kitandani!" Uongo waliuamini papo hapo. Ukweli wanaucheka, na mimi sina pumzi za kuwagombeza.

Kwa hiyo nakuomba, usimsomee Salim barua hii chumbani peke yake. Pale kwenye baraza ya duka la Hemedi, mlipokusanyika kusikiliza redio siku ile, waite walewale. Shemeji Bakari aisome kwa sauti, asiruke mstari, hata huu wa kikombe. Waambie Salim hakulala wala hakuzubaa. Aliumizwa, na mjomba wake hakuona. Wakishasikia, wale vijana wamwombe tena. Nami akinipa radhi yake, niandikieni upesi. Asiponipa, msimlazimishe. Yeye alikuwa na damu jichoni, mimi nilikuwa na kahawa mkononi.

Nisalimie mumeo, shemeji Bakari, na binti wa baba yetu mkubwa, Bi Mwanahamisi, kama bado anasikia anaposalimiwa. Mkweo, mke wa Salim, sikujaaliwa kumwona. Mwambie ameolewa na kipa hodari. Zuwena anakusalimu sana. Ameisoma barua hii akiwa amesimama nyuma yangu, na leo hakucheka.

Kaka yako, ambaye saa ile hakuwa akitazama,

Mwalimu Abdalla