Mstari wa Ghati Mlangoni

Nyamwaga, Jumapili

Dada Boke,

Shikamoo. Mahindi tumeshavuna, na ng'ombe wa mama amezaa dume. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu Ghati husimama karibu akisikiliza.

Mwanao huyo amekariri orodha uliyotutumia ya michezo ya huko Dar na kimo cha mtoto kuruhusiwa kupanda: treni ndogo sentimita tisini, magari ya kugongana mia moja, bembea kubwa mia na kumi. Kila siku ananiuliza, "Mama mdogo, bembea kubwa nimeifikia?"

Ulitaka nimpime. Mama alininyang'anya kamba ya kupimia. "Aliye hai hapimwi kwa kamba," alisema. "Anayepimwa ni wa kuchimbiwa." Basi nikamsimamisha mlangoni, pale ulipomchorea mstari ulipoondoka, akiwa na miaka minne. Sasa ana sita.

Mstari wangu umeangukia palepale kwenye wako. Nimempima mara tatu, dada. Ni sentimita tisini na saba zilezile.

Nilipokuwa nakuambia anakua, nilidanganya. Niliona nguo zake haziwi fupi, nikaogopa kuuliza. Juzi zahanati wametuandikia twende hospitali kubwa ya Mwanza. Tunakwenda Alhamisi. Bembea ziache kwanza, njoo utukute huko.

Sasa hivi ameniona naandika. "Mwambie mama nimefika mia!" Amesimama mlangoni kwa ncha za vidole, ameshikilia ukuta, anatetemeka miguu. Nimeshindwa kumwambia ashushe visigino.

Mdogo wako anayekusubiri,
Rhobi