Vitenge vya Njano

Irving, Texas
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Ndeshi,

Shikamoo. Naitoa mbali, lakini naitoa kwa mikono miwili, ipokee. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtoto wa mchungaji akuletee, ilikufikia, au mama yake ndiye anayechuliwa nayo? Niambie ukweli, sitagombana na mtu. Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Ni miguu yangu tu, maana kule hotelini nakunja mashuka nimesimama kutwa, nikirudi nyumbani vidole vimevimba kama ndizi za kuchoma.

Dada, umeniuliza mara tatu kwenye simu: vile vitenge vya njano vilipendeza? Na mimi mara tatu nimekuambia kadi ya simu inakwisha. Haikuwa inakwisha. Mara ya mwisho nilikuwa na dakika arobaini kamili. Leo naandika, kwa sababu kwenye karatasi nikilia hunisikii. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, soma polepole.

Nianze na Mama Godi. Unamkumbuka, yule mwenye meno ya mbele yaliyoachana, tuliyeondoka naye mwaka mmoja. Anakaa Plano, nyumba ya ghorofa, mume anafanya kazi ofisini. Mwanawe Godi alichukuliwa na chuo kimoja cha Houston kuchezea mpira wao huu wa kushika kwa mikono. Wanasomeshwa bure, wanalala bure, wanakula bure. Jezi za chuo hicho ni njano, njano hasa, ya ndizi iliyoiva. Na chuo hicho, dada, kiliwahi kuwa bingwa. Mara moja. Elia wangu alikuwa bado ananyonya. Wameweka kombe ndani ya kabati la kioo, na Mama Godi amepiga picha na hilo kombe, ameikuza, ameitundika sebuleni juu ya televisheni. Kila ukienda kula kwake unakula unatazamwa na kombe.

Siwezi kukudanganya wewe. Ile picha ilikuwa inanikereketa kooni. Mwaka mzima nilikuwa nakwenda kule nasema, "Jamani imependeza," halafu kwenye gari Baba Elia ananiuliza mbona umenuna.

Basi na Elia naye, wakati anamaliza shule, vyuo vikaja kumtaka. Ujue Elia hashiki mpira. Yeye anasimama mbele, kazi yake ni kuwazuia wale majitu wasimfikie mwenye mpira. Akifanya vizuri hakuna anayemwona. Akikosea uwanja mzima unamwona. Kazi gani hiyo? Lakini anaipenda, na amekuwa mkubwa, dada, mlango wa chooni anaingia ubavu.

Vyuo viwili ndivyo vilivyong'ang'ania. Cha kwanza hicho hicho cha njano cha Houston. Kocha wake alikuja mara moja, suti nzuri, akatuwekea mkanda wa video wa ile siku ya ubingwa, watu wanalia, wanabebana. Na mimi nikalia nao, sijui hata kwa nini. Cha pili kiko mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa kwetu. Jezi zao ni kahawia. Rangi ya ugoro! Kocha wao alikuwa anapiga simu kila Alhamisi, na alipokuja alikula machalari yangu ya ndizi na nyama sahani mbili, akasuuza sahani mwenyewe. Nikamdharau. Nikasema mtu mkubwa hasuuzi sahani.

Elia akanikalisha mezani anifundishe. "Mama, hawa wa kahawia kila mwaka wanashinda zaidi ya wanavyofungwa. Kila mwaka, tangu baba hajafika Marekani. Hawajawahi kuwa mabingwa, lakini hawaanguki. Wale wa njano walipanda juu mara moja, wakashuka. Mwaka jana wameshinda mechi mbili."

"Lakini wana kombe."

"Ndiyo, Mama, wana kombe."

"Na hawa wa ugoro wana nini?"

Akasema, "Wana wachezaji wanaocheza." Mimi nikaona mtoto hajakomaa. Nikamwambia bingwa ni bingwa hata akizeeka, na yule anayekuwa wa tatu kila mwaka atakumbukwa na nani? Nilikuwa namwona Mama Godi machoni, sikuwa namwona Elia.

Hapo ndipo nilipokupigia simu unitafutie vitenge. Huku kuna siku yao, mtoto anakaa mezani shuleni mbele ya watu, anatia saini, anachagua kofia ya chuo anachokwenda, anaivaa, watu wanapiga makofi. Nilipoelezwa hivyo nikasema kumbe, hii ni send-off, kama ya kumuaga bibi harusi! Na send-off bila sare ni nini? Ukanitumia vitenge vya njano, vizuri kupita nilivyowaza, vyenye yale maua ya dhahabu pembeni. Nikawagawia akina mama kumi na wanne wa kanisani, tukashona, kila mtu na mtindo wake. Mama Godi naye nikampa. Nilimpa makusudi, avae yangu.

Elia sikumwuliza. Ndilo kosa langu, dada, na limekaa hapo hapo. Nilijua moyoni kwamba hajasema ni chuo gani. Nikajiambia akituona wote njano atajua la kufanya.

Siku yenyewe Baba Elia alitukuta tumejipanga kwenye maegesho, akasema, "Mnakwenda kwenye mkutano wa chama?" Tukacheka. Tukaingia tukiimba. Wazungu wakatupisha, wengine wakapiga picha. Elia alikuwa ameshakaa mezani, kofia mbili mbele yake. Alipotuona, dada, uso wake ulibadilika. Alitutazama wote, mmoja mmoja, akafika kwangu akasimama hapo. Halafu akainua mkono, na mimi sikungoja, nikapiga kigelegele, wenzangu wakadaka. Vigelegele viko juu darini, mtoto amevaa kofia ya kahawia.

Kigelegele kikatukatikia midomoni. Halafu watoto wa shule wakaanza kucheka. Yule kocha wa kahawia alikuwa amesimama ukutani, akainamisha kichwa kwa heshima, nafikiri alinionea huruma, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Na Mama Godi, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama Elia, mbona mtoto kakosea kofia?"

Kwenye gari nikamlipukia Elia. Umenivua nguo mbele ya watu, nimeshonesha sare, mama yako mkubwa amepanda gari hadi Arusha mjini kutafuta vitenge, na wewe unachagua ugoro! Akaniacha nikamaliza. Akasema kwa Kiswahili, pole pole, ingawa akikasirika huwa anahamia Kiingereza: "Mama, uliwahi kuniuliza?"

Nikasema, "Mimi ni mama yako, nikuulize nini?"

Hakusema tena. Sio siku ile tu. Mwezi wa nane nilipomfungia mizigo alisema asante kama anavyosemeshwa mhudumu wa dukani. Tulimfikisha chuoni, akamkumbatia baba yake, mimi akanipa bega. Akiwa huko anapiga simu nikiwa kazini, anaongea na baba yake. Anajua saa zangu za kazi, dada. Anazijua vizuri. Nikirudi naambiwa, "Elia amekusalimu." Wiki baada ya wiki, salamu za kuletewa, kana kwamba yeye ndiye yuko Marekani na mimi niko huko kwetu.

Unajua nilichokuwa nakumbuka? Yule ng'ombe mwekundu wa mama aliyezaa mapacha. Watu walitoka hadi tarafa ya pili kuja kumwona. Mama akamsifia mpaka anakufa. Na yule mweusi aliyetujazia kibuyu kila asubuhi miaka yote, mimi na wewe tukanyweshwa tukakua, tulikuwa tunamwita nani? Nimewaza sana, jina halinijii. Nadhani hakuwa nalo. Lakini kukumbuka hivyo hakukunisaidia kitu, maana nikienda Plano kombe bado liko juu ya televisheni.

Sasa Jumamosi, sio ya jana, ile ya siku nane zilizopita. Wa kahawia walikwenda Houston kucheza na wa njano. Baba Elia akachukua likizo, akasema twende, tutaendesha mwendo wa saa nne. Nikafungua sanduku, nikatoa kitenge changu. Akaniangalia. "Utakaa upande wa watu wa kahawia na hiyo njano?"

"Nitakaa."

Nilivaa kwa kiburi, nikuambie ukweli. Nilijua Mama Godi atakuwepo, sikutaka afikiri nimekificha kwa aibu. Basi nikakaa, mtu mmoja njano katikati ya watu wa ugoro, na kilemba juu. Mama mmoja wa Kizungu, mzazi mwenzetu, alinipa koti lake la mvua la kahawia, akaonyesha kwa ishara nijifunike. Mvua haikuwepo. Nikamrudishia kwa tabasamu. Wale wa njano upande wa pili nao wakawa wananipungia mkono nihamie kwao.

Na Mama Godi nilimwona, chini kabisa mbele, amevaa kile kitenge changu! Anacheza. Maana siku hiyo, dada, wale watu wa mechi mbili waliamka. Walicheza kama kwenye ule mkanda wa video. Walitufunga, tena vibaya, na mwisho wakajimwaga uwanjani kwa kubebana na kulia. Niliwaonea wivu. Nikasema, Mungu wangu, kwa nini sio sisi, hata mara moja tu?

Lakini macho yangu yalikuwa kwa Godi. Nilimtafuta mchezo mzima. Alikuwa pembeni, jezi safi kama imetoka kwangu kwenye mashuka. Hakuingia hata dakika moja. Nilipokutana na mama yake langoni nikasema hongereni, nikamwuliza habari za mtoto. Akasema, "Ana jeraha la mguu." Na mimi nilikuwa nimeuona huo mguu ukiruka juu ya kiti! Neno likaja mpaka kwenye ulimi. Halafu nikamwona jinsi anavyokishika kile kitenge, anakikunja pindo, anakikunjua, na macho yameiva kwa machozi. Nikalimeza. Nikasema, "Mguu hupona, Mama Godi." Sikulimeza kwa wema, usinisifie. Nilichoka tu.

Elia wangu alicheza kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kila walipojipanga alikuwepo, anaanguka, anainuka, anajipanga tena. Wenzake wanafungwa, yeye anajipanga. Jina lake halikutajwa kwenye kipaza sauti hata mara moja. Nilipiga kigelegele kila alipoinuka, watu wa ugoro wakawa wananigeukia, hawajui nashangilia nini wakati tunachapwa.

Baadaye wazazi wanasubiri kwenye uzio wachezaji wakipanda basi. Nikasimama nyuma ya Baba Elia, nikijua nitapewa bega. Akaja anachechemea, tope mpaka kwenye nyusi. Akampita baba yake. Akaja mbele yangu, akashika pindo la kitenge kwa vidole vyake vile vichafu.

"Mama, nilikuona tangu wimbo wa taifa."

Nikaanza kusema, "Elia mwanangu, ile siku sikukuuliza, mimi..."

Akasema, "Kila nikianguka nilikuwa naangalia kule juu. Wote kahawia, sioni mtu. Halafu njano hiyo hapo."

Nikalia, dada. Nikamwuliza, basi, nikamwuliza kabisa kama mtu na mtu: "Ukitaka nisivae tena, nisivae. Niambie unataka nini."

Akasema, "Vaa." Kocha akaita, akaenda. Jumatano akapiga simu saa ambayo niko nyumbani.

Kwa hiyo najibu swali lako: ndiyo, vilipendeza. Wivu haujaniisha, nisikudanganye, jana tu Mama Godi amealika watu wakatazame mkanda wa mechi na nimekataa kwenda, nimesema miguu inauma. Nataka bado lile kombe. Nalitaka liwe langu, nilitundike sebuleni.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Nisalimie shangazi aliyetulea, mwambie sukari apunguze. Mjomba fundi seremala mwambie kile kiti alichonichongea bado nakikalia. Mwalimu wa kwaya mpe shikamoo yangu, na mke wa kaka mwambie nimepata zile picha za watoto, yule mdogo ana paji la baba.

Na ulisema kwenye simu, bila kujua lolote, umeona dukani kitenge kizuri cha kahawia, nikitaka unitumie. Acha, dada yangu. Usinunue.

Mdogo wako asiyekusahau,
Aika, Mama Elia